Taa ya mapambo inayojibadilisha rangi, kwa chaja ya zamani ya simu

Taa nyingi za rangi zinazouzwa madukani, ukiziwasha gizani, zinatupa ukutani mabaka matatu: jekundu huku, la kijani kule, la bluu pembeni. Rangi hazichanganyiki. LED yenyewe, yaani kile kitaa kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga, haina kosa, kosa liko kwenye kilichoifunika. Ndiyo maana hapa umeme nitaupitia kwa mwendo wa kawaida, lakini kwenye kufunika mwanga tutakaa kidogo.

Vya kutafuta

- LED 4 za milimita 5 zinazojibadilisha rangi zenyewe. Zina miguu miwili tu, kwani kichipu cha kubadilisha rangi kimo ndani ya kichwa. Zile za miguu minne waachie wanaotaka kuandika programu.
- Rezista 4 (vijiti vya kupunguza mkondo wa umeme) za omu 150, robo wati. Mistari yake ni kahawia, kijani, kahawia, halafu dhahabu.
- Chaja ya simu ya volti 5 na kebo yake, ile ya kichwa kipana cha mstatili. Chaja za Type-C haziachii umeme mpaka zitambue kifaa, kwa hiyo ukikata kebo yake unaweza kuambulia waya usio na kitu.
- Chupa ya kioo ya siagi ya karanga au jemu, yenye mfuniko wa plastiki.
- Karatasi ya kuokea, msasa laini, tepu nyeusi ya umeme, pasi ya kulehemu na risasi yake.

Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, sema unataka zinazobadilika polepole. Kuna za haraka zinazopepesa kama disko, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Chukua betri bapa ya volti 3, CR2032, ibane katikati ya miguu ya LED, mguu mrefu upande wa chanya, utazame hapo hapo dukani. Bluu ikionekana hafifu usihofu, inataka volti zaidi ya hizo.

Hatua ya 1: Sugua vichwa

Ianze hii kabla ya kulehemu chochote. Ndani ya kila LED kuna vipande vitatu vya rangi vimekaa bega kwa bega, na kichwa kinachong'aa kinafanya kazi ya lenzi: kila rangi inarushwa upande wake. Sugua kwa msasa, ukizungusha, juu na ubavuni, mpaka kichwa kiwe na ukungu mweupe kote. Ukiona sehemu bado inang'aa, endelea. Kazi hii haichukui muda, na ndiyo inayotenganisha taa ya kupendeza na kituko.

Hatua ya 2: Toboa mfuniko

Chupa itasimama kichwa chini, mfuniko ukiwa ndio kitako. Toboa matundu manne ya milimita 5 karibu na katikati, yakiachana kama upana wa kidole. Huna drili? Msumari uliopashwa moto unatosha kwa plastiki, ila fungua madirisha, moshi wake si mzuri. Pachika LED, vichwa vikitazama ndani ya chupa.

Hatua ya 3: Unganisha

Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu imeshakatwa, tafuta ukingo wa kichwa uliobapa: huo ndio upande wa hasi. Lehemu rezista moja kwenye kila mguu wa chanya, kisha unganisha ncha za rezista zote pamoja, na miguu yote ya hasi pamoja. Kila LED na rezista yake. Usizitegemeze zote kwa moja. Wala usiziunge kwa kufuatana, kwa sababu kichipu cha moja kikizima rangi kinaivuruga inayofuata.

Bana mguu kwa koleo kati ya kichwa na mahali unapolehemu ili joto liishie kwenye koleo, na usikawize pasi zaidi ya sekunde tatu.

Kwa nini omu 150? Nyekundu inatumia takriban volti 2, bluu na kijani zaidi ya 3. Ukipiga hesabu kwa bluu utapata rezista ndogo, na zamu ya nyekundu ikifika mkondo utazidi. Basi hesabu ni ya nyekundu: volti 5 toa 2 ni 3, gawanya kwa ampia 0.02, mkondo wa kawaida wa LED kama hizi, unapata 150.

Hatua ya 4: Kebo

Chaja ikiwa nje ya soketi, kata kebo upande wa simu. Mara nyingi utakuta nyaya nne: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ni za data, hizo zifunge kwa tepu kila moja peke yake. Kebo za bei rahisi haziheshimu rangi hizo kila mara, hivyo pima kwa mita ya umeme kabla ya kuunga. Piga fundo kwenye kebo karibu na mfuniko ili ikivutwa ising'oe ulichokilehemu. Funga tepu kila palipo wazi.

Chaja yenyewe usiifungue hata kidogo. Ndani mna volti 230 za ukutani, na hakuna unachokihitaji humo.

Hatua ya 5: Funika mwanga

Kata karatasi ya kuokea, iviringe mara moja, itumbukize ndani ya chupa ikigusa kioo. Tabaka moja kwanza. Kisha kata duara la karatasi nyeupe nzito ulibandike ndani kwenye kitako cha chupa, ambacho sasa ndicho juu: bila hilo mwanga wote unakimbilia darini na ubavu unabaki umefifia.

Washa, zima taa ya chumba, shika penseli kati ya chupa na ukuta. Tazama kivuli chake. Kingo zikiwa na rangi tofauti, upande mmoja wekundu na mwingine bluu, mwanga haujachanganyika. Ongeza tabaka la karatasi. Tabaka tatu ndio mwisho wangu, zaidi ya hapo unafunika mpaka raha yenyewe.

Ikisumbua

LED moja haiwaki: imegeuzwa, izungushe. Bluu haionekani kabisa: volti hazifiki, angalia kiungo kilicholegea. Wanaotumia betri badala ya chaja watayaona haya zinapochoka: bluu inatangulia kupotea, kijani inafuata, nyekundu inabaki ikijikongoja peke yake.

Jingine linalowashtua watu: LED zote huanza na rangi moja, baada ya muda kila moja inashika njia yake. Hazijaharibika. Kila kichipu kina saa yake, na saa hizo hazilingani kabisa. Mimi napenda hivyo, ndani ya chupa rangi zinachanganyika kila mara kwa namna mpya. Usipopenda, chomoa na uchomeke tena, zitaanza pamoja.

Kwa powa benki, jua kwamba nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo, na LED nne hazifiki hata miliampia 100. Ikijizima kila baada ya dakika chache, rudi kwenye chaja.