Jinsi ya kujenga lundo la mboji linalopata joto

Mboji nyingi huharibikia kwenye maji na hewa, malighafi zikiwa tele. Mabua na samadi hutupwa shimoni, mvua hujaa, na baada ya miezi 6 hutoka tope linalonuka. Penye mvua za kutosha jenga juu ya ardhi. Shimo liwe la maeneo makavu, tena lisizidi nusu mita kwenda chini.

Tafuta kivuli karibu na maji. Upana uwe mita 1.5, urefu kadiri ya malighafi ulizonazo. Tifua ardhi, kisha tandika vijiti na mabua ya mahindi kimo cha sentimita 20 ili hewa ipite chini. Juu yake panga hivi:

1. Majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, sentimita 20. Yanyweshe hapohapo, yakishafunikwa hayalowi tena.
2. Samadi, sentimita 5 hadi 10. Ya kuku iwe nusu ya hiyo, kwa kuwa ni kali.
3. Majani mabichi, sentimita 15. Alizeti pori, ile ya maua ya njano inayoota kandokando ya barabara, ni hazina: ina naitrojeni na potasiamu, virutubisho vya mimea, kwa wingi na huoza upesi.
4. Udongo wa juu, konzi chache, na majivu kidogo sana. Majivu mengi hufukuza naitrojeni hewani.

Rudia hadi kimo cha mita 1.5. Usikanyage. Funika kwa majani ya migomba.

Chomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi katikati. Siku ya 4 kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inakwenda. Kikiwa kikavu, na ndani ya lundo kuna unga mweupe, lundo lina kiu: lifungue ulimwagilie, kwani maji ya kumwaga juu huteleza pembeni. Kikiwa baridi, kimelowa na kinanuka uvundo, maji yamezidi. Pindua, changanya mabua makavu. Harufu kali ya mkojo ina maana samadi ni nyingi mno.

Pindua baada ya wiki 3, ukiingiza ya nje katikati. Usiruke hatua hii: mbegu za magugu hufa penye joto la nyuzi 55 na kuendelea, na kingo za lundo hazifiki huko. Kila ukipindua, kamua konzi moja: yadondoke matone mawili matatu tu. Pindua tena baada ya wiki 3 nyingine. Kwa kawaida mboji huwa tayari kati ya miezi 2 na 3, ikiwa nyeusi, imepoa, inanukia kama udongo wa msituni.

Magugu ya ndago na sangari yasiingie kamwe, wala kinyesi cha mbwa na paka. Nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu pia ziache; masalia ya baadhi ya dawa hizo hupita kwenye mboji na kukunja majani ya nyanya na maharage.

Mboji iliyoiva ifunikwe, maana mvua huosha virutubisho. Kwenye mahindi weka konzi 2 kila shimo na uchanganye na udongo. Kwenye tuta la mboga, debe moja linatosha eneo la mita 2 kwa 2. Kisha weka matandazo ya sentimita 5, yasiguse shina.