Dar hadi Mwanza kwa Fuso moja: kupunguza na kufunga vitu vya nyumba nzima

Wengi hunipigia simu wakati gari limeshalipiwa na sebule imejaa maboksi. Wanauliza, "Vitaenea?" Mara nyingi havienei, na usiku huohuo vinaanza kugawiwa majirani vitu ambavyo vingeuzwa kwa bei nzuri.

Kazi hii niliianza nikiwa utingo, sasa nafunga na kusindikiza mizigo ya nyumba. Safari ninayoijua zaidi ni hii ya zaidi ya kilomita 1,100: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Ninachosisitiza kwa kila mteja ni kwamba gari lichaguliwe kwanza, kisha ukubwa wake ndio uamue kipi kinabaki. Ukipunguza vitu bila kujua mpaka wako, utagawa vijiko na kubaki na makabati.

Hatua ya 1: Ujue mlango wa unakokwenda (wiki 6 kabla)

Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba nyingi zimejengwa mlimani, na kwa baadhi yake Fuso inaishia chini barabarani, halafu vitu vinapanda kwa mabega ya watu. Mwombe ndugu au dalali aliyekutafutia nyumba akurekodie video kuanzia barabara ya lami hadi mlangoni. Apime pia mlango na korido kwa futi kamba. Sofa kubwa ya kona isiyopita mlangoni haina sababu ya kusafiri siku mbili.

Hatua ya 2: Tafuta gari, uchore bodi yake uani

Magari yanayoleta mchele Dar kutoka Kanda ya Ziwa hutafuta mzigo wa kurudi. Ukizungumza na dereva ambaye njia ya kurudi ni yake, bei huwa na nafasi ya kushuka. Andikianeni: nani anapakia, nani anashusha, nani analipa wabebaji wa mlimani, na kama gari litachanganya mzigo wako na wa mtu mwingine.

Kisha fanya jambo ambalo wateja hunicheka nalo mwanzoni. Bodi za Fuso hazilingani, kwa hiyo pima urefu na upana wa gari lenyewe, ukachore mstatili wa ukubwa huo uani kwa chokaa. Kama huna uani, tumia kamba sebuleni, hata nusu ya bodi inatosha kukuonyesha. Kuanzia siku hiyo hakuna haja ya ubishi wa "hiki ni kidogo tu". Kiwekeni ndani ya mstari mwone kimekula nafasi kiasi gani.

Hatua ya 3: Punguza, ukianzia stoo

Usianze na sebule, wala kabati la mama. Anza stoo na juu ya makabati, kwenye feni iliyokufa na ndoo zisizo na mifuniko. Hapo hakuna atakayelia, na mkono unazoea kutoa.

Kwa vitu vikubwa uliza swali moja: Mwanza hiki kitanigharimu kiasi gani kukinunua, na ndani ya mstari wa chokaa kinakula nafasi ya nini? Viti vya plastiki vinapachikana, viende. Meza ya kioo iuzwe. Godoro lililokwisha bondeka liachwe. Kinu kizito cha mti mara nyingi nakiacha, ila mbuzi ya kukunia nazi haina ukubwa wowote na mtu wa Pwani ataitafuta wiki ya kwanza tu. Gunia la mkaa usilipakie kabisa: mkaa na mbao ni mazao ya misitu, kuyasafirisha kuna vibali vyake, na hutaki kusimamishwa njiani kwa ajili ya gunia moja.

Ugumu uko kwa wazee. Nilikuwa Temeke kwenye nyumba ambapo watoto waliuza kabati la bibi yao akiwa kliniki. Aliporudi alikaa kitako barazani, akasema haendi popote. Tulipoteza siku mbili na mnunuzi akalirudisha. Tangu hapo kila mzee namkatia eneo lake ndani ya mstari wa chokaa, kama upana wa kitanda, na ndani ya eneo hilo hakuna wa kumuuliza kitu. Bibi akitaka kulijaza masufuria ya shughuli, yaende. Na mara nyingi, akishaona mpaka, hupunguza mwenyewe.

Vya kuuza vitangaze mapema, kwa majirani na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na mauzo yafungwe siku tano kabla ya safari. Mnunuzi anayekuja wakati Fuso iko getini anajua huna ujanja.

Hatua ya 4: Funga kwa ulivyonavyo

Maboksi ya sabuni na biskuti yako duka la Mangi, mwagize akuwekee tangu mwezi uliotangulia. Vitabu viingie maboksi madogo, vinginevyo kitako kitaachia. Nguo na mashuka viingie kwenye viroba au mabegi ya shangazi kaja.

Kwa vyombo, gazeti silipendi. Kanga na vitenge vinakwenda hata hivyo, basi vifanye kazi. Sahani zifunge moja moja uzisimamishe wima, maana zikilala, tuta moja tu linavunja ya chini.

Kila boksi lipe namba na jina la chumba, uandike ubavuni pande mbili. Ukiandika juu, boksi la pili litafunika. Namba hizo ziingie kwenye daftari pamoja na vilivyomo. Nati za kitanda ziweke kwenye soksi uifunge kwenye chaga zake. Friji izime siku moja kabla, uiache wazi ikauke.

Hatua ya 5: Begi lisilopanda gari

Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki na bima, hati na fedha vikae kwenye begi moja mkononi mwako. Uhamisho wa shule uanze mapema, na namba za PREM za watoto, zile za usajili wao wa shule, uwe nazo.

Nenda pia serikali ya mtaa ukachukue barua inayosema unahama na vitu hivi ni vyako, ukiambatanisha orodha. Nakala moja apewe anayepanda na gari. Kama kuna televisheni mpya ndani ya katoni, risiti yake iandamane na barua hiyo.

Hatua ya 6: Kupakia

Pakia alfajiri kukishapambazuka. Anayehama usiku, mtaa mzima unajua amekimbia kodi.

Friji na makabati vikae mbele, vikiegemea upande wa kichwa cha gari, vimesimama na kufungwa kamba. Vizito chini, viroba vya nguo vizibe mianya. Usiache uwazi katikati, kwa sababu mteremko wa Sekenke, ukitoka Singida kwenda Igunga, utausukuma mzigo wote mbele. Mtungi wa gesi usiingie humo. Uza, au mwachie jirani.

Turubai ziwe mbili. Mimi niliwahi kuiamini moja bila kuikagua, na tulipofika Manyoni mvua ilikuwa imepita kwenye tundu dogo kuliko sahani. Magodoro matatu yalilowa, nikayalipa kutoka mfukoni.

Boksi namba 1 lipakiwe mwisho kabisa, mlangoni: vyandarua, mashuka, sufuria moja, vikombe, sabuni, balbu, kisu na chumvi.

Hatua ya 7: Kushusha

Familia ipande basi kituo cha Magufuli, Mbezi, ifike kabla ya mzigo na kufagia. Mtu mzima mmoja abaki na gari. Gari likifika, mmoja asimame mlangoni na daftari akitiki namba, na dereva asimaliziwe fedha yake kabla ya namba ya mwisho kuonekana. Friji isimame hadi kesho yake asubuhi ndipo uiwashe. Usiku huo fungeni kitanda cha mzee kwanza, na msifungue boksi lingine zaidi ya namba 1.