Somo: kuchoma mafuta, utembee au ukimbie?

Wapo wanaokwepa mbio kwa kuambiwa kwamba mwendo wa taratibu ndio unaochoma mafuta. Ni kweli nusu. Ukitembea, sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta. Ukikaza mbio, mwili hutegemea zaidi wanga. Lakini kitambi hupunguzwa na jumla ya nguvu uliyotumia ukilinganisha na ulivyokula wiki nzima.

Hatua ya 1: Jua kiwango chako. Chukua 220, toa umri. Mwenye miaka 40 anapata 180, ndio upeo wa mapigo ya moyo wake kwa dakika. Zoezi la wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya upeo huo, kwake mapigo kama 115 hadi 137 kwa dakika. Huna saa ya kupimia? Ongea. Unaweza kuongea ila kuimba kunakushinda, hapo ni wastani. Ukitoa maneno mawili matatu halafu unahema, hilo ni zito.

Hatua ya 2: Siku nyingi baki kwenye wastani, walau dakika 150 kwa wiki. Hapa Moshi mlima tumepewa bure: shika barabara ya kupanda Kibosho, tembea kwa kukaza, mapigo yatapanda bila mbio. Pita kulia uzione bodaboda zinazokuja.

Hatua ya 3: Ukishazoea, siku moja kwa wiki panda kwa kasi dakika 1, teremka ukitembea, rudia mara 6.

Hatua ya 4: Sahani. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia takriban kalori 350, na kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama 7,700. Piga hesabu kabla ya kuagiza kitimoto cha kujipongeza.

MASWALI

Kocha, nikivaa sweta na nailoni natoka jasho sana. Si ndiyo napungua?
Unapungua maji, ukinywa yanarudi. Mafuta yaliyochomwa hutoka zaidi kwa pumzi. Na kwa joto la Moshi la Februari, nailoni itakuangusha njiani.

Shikamoo mwalimu, nina presha na miaka 58. Nifuate hesabu hiyo?
Marahaba mama. Muone daktari kwanza, na hatua ya 3 iache mpaka akuruhusu. Baadhi ya dawa za presha hushusha mapigo, kwa hiyo hesabu ya 220 itakudanganya. Tumia kipimo cha kuongea.

Mazoezi ya tumbo je, si yanaondoa kitambi?
Yanakaza misuli iliyo chini. Mafuta ya juu yake hupungua mwili mzima ukipungua, na huwezi kuuchagulia uanzie wapi.