Hisa za kampuni changa jirani na mgodi tajiri: jinsi ya kuzipima kabla ya kununua

Maneno "jirani na Geita" au "jirani na Bulyanhulu", migodi mikubwa ya dhahabu Tanzania, huuza hisa haraka sana. Nimefanya kazi kwenye uchorongaji (kutoboa mashimo marefu kuchukua sampuli za mwamba) Kanda ya Ziwa, na sasa nanunua hisa za kampuni changa za utafutaji dhahabu, nyingi zikiwa zimeorodheshwa Kanada na Australia. Utaratibu wangu ndio huu. Ada ya watoto na kodi ya nyumba zisiingie humu kabisa. Tumia fedha ambayo hata ikipotea yote utalala.

Hatua ya 1: Ujue mwamba unaelekea wapi

Usianze na umbali wa kilomita kutoka mgodini. Mshipa mkuu wa Bulyanhulu, yaani ufa wa mwamba uliojaa dhahabu, umesimama karibu wima, na unatoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Leseni iliyo kilomita 15 mbele juu ya mstari huo inastahili kuchorongwa, wakati iliyo kilomita 3 tu pembeni huenda isiambulie chochote cha mshipa ule. Geita ni tofauti: dhahabu nyingi pale imeshikana na miamba ya chuma yenye matabaka, iliyokunjwa na kukatwa na nyufa. Uliza kama miamba hiyo inaingia ndani ya mipaka ya kampuni unayoitaka.

Kanuni za Kanada zinaitaka ripoti ya kitaalamu inayotaja mgodi wa jirani iseme wazi kwamba madini ya jirani si lazima yawepo kwenye eneo la kampuni. Sentensi hiyo huwa imejificha katikati ya ripoti. Itafute.

Hatua ya 2: Kagua leseni

Ramani ya leseni ya Tume ya Madini ipo mtandaoni. Hakikisha jina la mmiliki ni la kampuni yenyewe au kampuni tanzu yake. Kama ni la mtu mwingine, soma mkataba kati yao ujue kampuni itapata asilimia ngapi na baada ya kutumia kiasi gani. Leseni ya utafutaji nchini Tanzania huanza na miaka 4, kwa hiyo tazama imebaki miezi mingapi. Kumbuka pia kwamba mradi ukifikia leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa, serikali huchukua hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia.

Hatua ya 3: Soma matokeo ya uchorongaji kwa kalamu mkononi

Hapa ndipo watu wengi huumia, na hapa ndipo mimi hutumia muda mrefu zaidi. Tuseme tangazo linasema: "mita 20 zenye gramu 3 kwa tani, ikiwemo mita 1 yenye gramu 55," yaani gramu za dhahabu katika kila tani ya mwamba. Zidisha mita kwa gramu. Mita 20 mara 3 ni 60. Mita 1 mara 55 ni 55. Zinabaki 5 za kugawanya kwa mita 19, yaani gramu 0.26 kwa tani. Kumbe shimo limekutana na mshipa mmoja mwembamba, na mita nyingine zote ni karibu mwamba mtupu.

Halafu uliza upana halisi. Shimo likishuka karibu sambamba na mshipa, mita 20 za shimo zinaweza kuwa mita 4 tu za upana wa mbale (mwamba wenye madini). Omba mchoro wa shimo ukionyesha pembe yake, na orodha ya mashimo yote, hata yaliyotoka matupu. Kampuni inayotangaza matatu kati ya kumi na mawili, mimi naiacha palepale.

Angalia pia maabara ni ya nani, na kama sampuli tupu na za kipimo kinachojulikana zilichanganywa ili kuijaribu. Kampuni ya Bre-X ilidai dhahabu nyingi ajabu kule Busang, Indonesia. Mwaka 1997 ikabainika kuwa sampuli zilitiwa dhahabu ya kutoka nje, na hisa za mabilioni ya dola zikawa karatasi.

Hatua ya 4: Fedha na idadi ya hisa

Gawanya fedha iliyopo benki kwa matumizi ya mwezi. Ikitosha chini ya miezi sita, hisa mpya zinakuja. Ukimiliki asilimia 1 ya hisa milioni 100, na kampuni ikatoa nyingine milioni 50, unabaki na asilimia 0.67.

Hatua ya 5: Nunua kidogo kidogo, ukijua mlango wa kutokea

Hisa hizi huuzwa kwa uchache, kwa hiyo mpe dalali bei yako ya mwisho. Faida kubwa mara nyingi huja kampuni kubwa inapoinunua ndogo, na hilo huchukua muda: kampuni ndogo ya OreCorp iliingia mradi wa dhahabu wa Nyanzaga, Sengerema, mwaka 2015, na kampuni kubwa zaidi ya Perseus ikaichukua mwaka 2024 baada ya kushindana na kampuni ya Silvercorp. Bei ikipanda ghafla baada ya shimo moja zuri, mimi huuza kiasi cha kurudisha mtaji, na zinazobaki nazisubirisha hadi mashimo ya pembeni yasomwe.