Somo: Kufundisha kusoma Gredi ya 1 hadi ya 3 kwa kufuata matokeo ya mtaala mpya

Walimu wenzangu, salaam. Wengi wenu mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Muundo wa mtaala umebadilishwa, maazimio ya kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, yanaandikwa upya, afisa wa mtaala akija anataka kuona rubriki, yaani maelezo ya viwango vya kumpimia mtoto, na watoto darasani ni wale wale sitini, wengine hata silabi hawajazishika. Tuanzie wapi?

Mimi naona tuanzie kwa mtoto mmoja mmoja. Mtaala wa umilisi, yaani unaopima anachoweza kufanya mtoto, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza nchi nzima Januari 2019, kisha Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ikapunguza maudhui yake katika miundo ya mwaka 2024, haukuulizi umemaliza kurasa ngapi. Unakuuliza mtoto huyu anaweza kufanya nini bila kushikwa mkono. Ukilishika hilo, nusu ya makaratasi yanayotutisha yanakuwa mepesi. Nitatumia Shughuli za Kiswahili kama mfano, na mazingira ni yetu ya Mombasa.

Hatua ya 1: Soma kitenzi kabla ya mada

Fungua muundo wa mtaala kwenye mada ndogo utakayofundisha, utazame matokeo maalum yanayotarajiwa. Pigia mstari vitenzi: kutambua, kutamka, kusoma, kujibu, kuandika. Sasa tazama andalio lako la somo. Mara nyingi matokeo yanasema mwanafunzi aweze kusoma kifungu, nasi tumeandika "wanafunzi wasome kifungu baada ya mwalimu". Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Watoto sitini wakiitikia kwa sauti moja, wapo wanaosoma, wapo wanaofuata sauti ya jirani, na wapo waliokariri tangu jana huku macho yako dirishani. Ukiwa mbele ya darasa huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo kila kitenzi kipe ushahidi. Andika pembeni: nitajuaje kwamba Fulani ameweza? Kama jibu ni "darasa lilijibu vizuri", bado hujapata ushahidi.

Hatua ya 2: Linganisha ya zamani na mpya, usitupe kitu

Weka maazimio ya mwaka jana kando ya muundo mpya. Tia alama kilichobaki, kilichohamia gredi nyingine na kilichoondolewa. Kazi hii ni ya alasiri moja mkikaa wawili. Mtagundua kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa kusoma haijaguswa: sauti, silabi, maneno, ufasaha, ufahamu. Vitabu vya Tusome, ule mpango wa kufundisha kusoma, vilivyoingia shule za umma nchi nzima mwaka 2015, bado vina vifungu vizuri vya Gredi ya 1 na ya 2. Vitumieni.

Hatua ya 3: Mjue mtoto amekuja na lugha gani

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu muundo wa mtaala umeandikwa kwa nchi nzima na hakuna atakayekuandikia hali ya darasa lako la Mvita au la Jomvu.

Mtoto wa Mji wa Kale au Kibokoni nyumbani anasema ndaa, ndia, mato. Kitabuni anakuta njaa, njia, macho. Akisoma "njaa" akatamka "ndaa", kwanza muulize maana yake. Akisema ni kutaka chakula, basi neno amelisoma, herufi amezitambua, na ametamka kwa Kimvita, lugha ya babu zake iliyotungiwa mashairi kabla ya shule zetu kujengwa. Usimwandike kwamba hajui kusoma. Mwambie, "Nyumbani twasema ndaa, kitabuni imeandikwa njaa, tuisome kama ilivyoandikwa." Watoto hulielewa hili upesi kuliko tunavyodhani. Lakini "njoo" akiisoma "ndoo", hakikisha hakufikiria ndoo ya maji, maana hapo sentensi nzima inapotea.

Mtoto wa Likoni au Kisauni anayesema Kidigo au Kigiriama nyumbani atakuandikia "mutu" na "mutoto", kwa kuwa kwao ile irabu husikika. Hapo kazi yako ni kumfundisha kwamba m ya Kiswahili inaweza kusimama peke yake kama silabi: m-tu, m-to-to. Wapigisheni makofi, kofi moja kwa kila silabi, waone zinavyohesabika. Mtoto ambaye wazazi wake wametoka bara na wanaishi Changamwe au Mikindani huenda akasema "zahabu" kwa dhahabu, ilhali jirani yake aliyelelewa Majengo hana shida na dh, th wala gh. Wakalishe pamoja. Mmoja atamfaa mwenzake kuliko kadi zako zote.

Halafu kuna watoto wa chuo, yaani madrasa. Wengi wetu tunawapokea Gredi ya 1 wakiwa tayari wanasoma herufi za Kiarabu, na tunawaanzisha kama kwamba hawajawahi kuona maandishi. Mtoto huyu anajua kwamba alama huwa na sauti, na kwamba ukiunganisha herufi na irabu unapata ba, bi, bu. Huo ndio msingi wenyewe wa silabi. Anachohitaji kwako ni mambo mawili. La kwanza ni mwelekeo: kidole kianzie kushoto, na umkumbushe bila kumfokea. La pili ni irabu e na o, ambazo hazina alama zake katika fat-ha, kasra na dhamma. Mpe maneno mengi kama beba, pepo, boga, tembo. Nawaomba msilipuuze hili. Ni mali ambayo mtoto ameingia nayo darasani.

Hatua ya 4: Panga dakika 30 ili usikie sauti moja moja

Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Tuchukue kifungu hiki kifupi, ambacho unaweza kukiandika kwenye karatasi ya manila:

"Mwanaisha na mama waliamka alfajiri. Mama alijitwika beseni la mahamri. Walitembea haraka mpaka feri. Walipofika, lango lilikuwa limefungwa. Mama alitazama maji. Akashusha beseni, akaketi."

Kabla ya kukifundisha, tafuta fundo lake. Hapa fundo ni "limefungwa": neno ni refu, na lina silabi ngwa mwishoni. Dakika tano za mwanzo ziende hapo. Andika nga, kisha ngwa. Watoto watamke. Kisha fungwa, pangwa, tengwa. Kisha li-me-fu-ngwa. Sasa soma kifungu chote mara moja wakikufuata kwa macho, msome pamoja mara moja, halafu wasome wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akifuata kwa kidole. Ni ule utaratibu mnaoujua wa ninafanya, tunafanya, unafanya. Tofauti iko kwenye hiyo "unafanya": ipe muda mrefu kuliko zote, si dakika mbili za mwisho wakati kengele inalia.

Wakati wawili wawili wanasomeana, wewe zunguka na daftari. Sikiliza watoto sita, kila mmoja kama dakika moja. Sita kwa siku, siku kumi za shule, watoto sitini wote umewasikia. Hakuna njia nyingine ninayoijua ya kutathmini kusoma katika darasa kubwa bila kujichosha.

Maliza kwa maswali, na yasiwe ya aina moja. "Mama alijitwika nini?" Jibu limo kifunguni. "Kwa nini mama aliketi?" Hapa mtoto lazima aunganishe lango kufungwa na kusubiri feri. "Kwa nini waliondoka alfajiri?" Hili ni gumu zaidi na ni tamu, kwa sababu kifungu hakisemi. Mtoto wa hapa anajua mahamri ni ya chai ya asubuhi, na yakichelewa hayauziki. Mpe nafasi aseme, na umwulize amejuaje. Mtaala unapotaja kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, ndiko huku, wala hakuhitaji projekta.

Hatua ya 5: Andika rubriki kwa unachokiona

Viwango ni vinne: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Ukiandika tu "anasoma vizuri sana, vizuri, kiasi, hajui", hujamsaidia mtu. Kwa kifungu chetu ningeandika hivi. Aliyefikia anasoma sentensi zote bila kuvunja neno katikati, na anajibu la feri. Anayekaribia anasoma maneno mafupi lakini anakwama kwenye walipofika na limefungwa. Aliye mbali anatambua herufi ila hajaunganisha silabi. Aliyezidi si yule anayekimbia. Ni yule anayepumua kwenye nukta, sauti yake inabadilika mama anapoketi, na anaweza kueleza kwa nini.

Ukiandika hivyo, kesho yake unajua la kufanya na kila kundi. Usijaze rubriki mwisho wa muhula kwa kukumbuka sura za watoto. Si haki kwao.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu wa Gredi ya 2, Likoni: Watoto wangu wanasoma maneno mengi zaidi kwa dakika katika Kiingereza kuliko Kiswahili. Mwalimu mkuu anasema nimezembea upande wa Kiswahili. Nimjibu nini?

Jibu: Mweleze kwamba vigezo vilivyotumika nchini kupima ufasaha havikulingana tangu mwanzo: maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, 45 kwa Kiswahili. Neno moja la Kiswahili, kama "hawakumwandikia", ni sentensi nzima katika Kiingereza. Mwonyeshe pia majibu ya ufahamu ya watoto wako. Huenda ukakuta wanasoma Kiingereza haraka na hawajui walichosoma.

Mwalimu wa Gredi ya 3, Kisauni: Nina watoto kama tisa hawajui silabi. Maazimio yananitaka nifundishe vifungu virefu. Je, naruhusiwa kurudi nyuma?

Jibu: Mwalimu, rudi. Kiwango cha "mbali na matarajio" kimewekwa ili ukiona mtoto yuko pale umsaidie kutoka pale. Lakini usiwatenge wakakosa somo la wenzao. Wasikilize kifungu pamoja na darasa na wajibu maswali kwa mdomo, kwani akili ya kuelewa wanayo. Ile nafasi ya kusomeana wawili wawili, waite wote tisa mbele, dakika kumi, silabi na maneno yanayotoka kwenye kifungu kile kile. Kila siku, si Ijumaa tu. Katika rekodi ya kazi andika ulichofanya na sababu yake. Afisa mwenye busara atakushukuru. Asipokushukuru, watoto watakuwa wamesoma.

Mwalimu wa Gredi ya 1, Mvita: Wazazi wanataka kujua mtoto amekuwa wa ngapi. Nikiwaonyesha viwango wanasema shule inaficha.

Jibu: Nawaelewa wazazi hao, wao walisomeshwa kwa namba. Siku ya mkutano usianze na karatasi. Mpe mtoto kifungu, amsomee mama yake hapo hapo, dakika moja. Kisha mwonyeshe ni wapi alikwama na nyumbani afanye nini: amsomeshe mabango ya maduka wakienda sokoni Marikiti, majina ya matatu, maandishi ya pakiti ya unga. Mzazi akishasikia kwa masikio yake, suala la namba hupungua makali.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Changamwe: Vitabu havitoshi, watoto watatu kwa kimoja.

Jibu: Kifungu kwenye manila, kama nilivyoeleza. Na wale watatu wapeane kazi: mmoja asome, wa pili afuate kwa kidole, wa tatu aulize swali, kisha wazunguke.

Mwalimu wa Gredi ya 3, Jomvu: Potifolio, hili jalada la kazi za kila mtoto, inaniua. Nimeambiwa niweke kazi ya kila mtoto kila wiki, na kabati limejaa.

Jibu: Pole sana. Kwa kusoma, karatasi mbili kwa muhula zinatosha kuonyesha safari ya mtoto: kifungu alichosoma wiki ya pili kikiwa na alama zako mahali alipokwama, na kingine cha ugumu ule ule karibu na mwisho. Tarehe juu, sentensi moja ya maelezo chini. Kaa na mwalimu mkuu mkubaliane hivyo mapema muhula unapoanza, na muwaeleze walimu wa gredi nyingine, ili asije mmoja akaulizwa kwa nini ya kwake ni nyembamba. Zile zilizojaa kabatini wape watoto wazipeleke nyumbani wakawasomee wadogo zao.