Jinsi ya kukusanya vipodozi vya zamani vya toleo maalumu ukiwa Mwanza

Kasha langu la kwanza nililipata sokoni Mlango Mmoja, ndani ya mkoba wa mtumba. Nilikuwa nakagua zipu, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye mfuko wa ndani: kasha la poda la duara, rangi ya dhahabu, zito mkononi, mgongoni limegongwa chapa ya Stratton ya Uingereza. Nilipolifungua, kifuniko cha ndani kilijiinua chenyewe, maana kiliundwa hivyo ili mwenye nalo asivunje kucha akikibandua. Nikamwonyesha mama muuzaji. "Chukua tu mwanangu, mimi nimekuuzia mkoba na vilivyomo."

Ukitaka kuanza, nenda hivi.

Hatua ya 1: Chagua unachokusanya. Ukinunua kila kinachong'aa, pesa itaisha na hutakuwa na mkusanyiko. Wapo wanaofuata lipstiki za nyumba za mitindo, mfano Rouge Dior iliyoanza kuuzwa 1953. Wapo wa Guerlain, kampuni ya Ufaransa, kwa ajili ya makopo ya Météorites, zile gololi za poda zilizotoka 1987. Vijana wengi hufuata matoleo maalumu ya kampuni ya vipodozi ya MAC kama Barbie ya 2007 na Hello Kitty ya 2009. Anayeanza namshauri achukue makasha ya chuma. Chuma huvumilia joto letu, lipstiki haivumilii.

Hatua ya 2: Tafuta. Wahi asubuhi belo za mikoba zinapofunguliwa. Waambie wauzaji unataka vikopo vya poda na lipstiki vya zamani, hata vitupu, kwa sababu wengi huvitupa wakidhani havina mnunuzi. Kabati za bibi na shangazi nazo zina hazina. Huko nenda kwa adabu: shikamoo kwanza, keti, sikiliza alilipataje kasha hilo na alilibeba harusi ya nani. Habari ya bei iache siku nyingine. Maelezo yake yaandike, ni sehemu ya kitu chenyewe.

Hatua ya 3: Soma mgongo wa kasha na boksi. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Tafuta mchoro wa kikopo kilicho wazi chenye namba kama 12M, yaani miezi ya kutumia baada ya kufungua. Ulaya ilianza kuudai mwaka 2005, hivyo boksi la Ufaransa lisilo na mchoro huo wala tarehe ya mwisho wa matumizi huenda ni la kabla ya hapo. Msimbopau, ile michirizi myeusi inayosomwa na mashine, ulisomwa dukani mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, kwa hiyo boksi lenye michirizi hiyo haliwezi kuwa la miaka ya 1950, hata muuzaji aape.

Kwa MAC, Clinique na wenzao wa kundi la Estée Lauder, tafuta alama tatu zilizogongwa chini. Ya kwanza ni kiwanda, ya pili mwezi, ya tatu tarakimu ya mwisho ya mwaka. Miezi inahesabiwa 1 hadi 9, kisha A ni Oktoba, B Novemba, C Desemba. Ukiona AC8 kwenye kasha la Hello Kitty, ni Desemba 2008, na inaingia akilini kwa bidhaa iliyouzwa mwanzoni mwa 2009. Lakini 8 hiyo hiyo inaweza kuwa 2018. Alama peke yake haitoshi, ilinganishe na toleo lenyewe.

Hatua ya 4: Kagua kama ni halisi. Angalia bawaba, ukingo wa kioo na maandishi. Bandia nyingi ni nyepesi, herufi zimevimba, au zina rangi ambayo kampuni haikuwahi kuitoa katika toleo hilo. Ukinunua mtandaoni, dai picha ya mgongo na ya kasha likiwa wazi. Akikataa, achana naye.

Hatua ya 5: Safisha kidogo. Kitambaa laini kikavu, basi. Dawa ya meno na majivu hukwangua dhahabu ya juu. Mimi niliwahi kupitisha spiriti kwenye mfuniko uliopakwa maua, na petali mbili zikaondoka na pamba. Kioo usikinyunyizie maji, yakipenya nyuma hutoa madoa meusi yasiyotoka. Poda iliyopasuka usiigandishe upya, iache ilivyo.

Na usijipake. Poda ya miaka arobaini imeguswa na mikono usiyoijua, na lipstiki iliyochacha utaijua kwa harufu ya mafuta mabaya.

Hatua ya 6: Hifadhi. Sisi wa kando ya ziwa adui yetu ni unyevu. Weka kila kipande ndani ya kitambaa cha pamba, kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Lipstiki zisimame wima, chumba kisichopigwa jua la mchana, mbali na bati. Friji siishauri: umeme ukikatika na kurudi, matone ya maji hujikusanya ndani ya kifuniko. Makasha ya kampuni ya NARS yenye mpira juu yatenge, mpira ule ukizeeka hunata na kuchafua jirani zake.

Kipindi cha masika fungua boksi kila wiki mbili, badilisha vipakiti, nusa kila lipstiki. Inayotoa jasho la mafuta ihamishie peke yake, na tarehe uliyoigundua iandike daftarini, kando ya bei na mahali ulipoipata.