Jinsi ya kuokoa bustani ya umma au jengo la kale: somo la hatua kwa hatua, na maswali ya wanachama

Ndugu wanachama, karibuni.

Somo hili ni la yule aliyesikia fununu kwamba bustani ya umma, kiwanja cha wazi au jengo la kale la mtaani kwake limepata mnunuzi. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia mabango. Nawaomba muanze na swali moja: nani atatia sahihi, na lini? Tingatinga huja mwisho kabisa. Miezi mingi kabla yake, kuna mtu ofisini aliyeidhinisha kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi, au aliyetoa hati, au aliyelifuta jengo kwenye orodha ya urithi. Mkijua karatasi hiyo iko juu ya meza ya nani, kila jasho lenu litakuwa na mahali pa kwenda.

HATUA YA 1: Fuateni karatasi

Nendeni ofisi ya ardhi na ofisi ya mipango miji. Ulizeni mambo manne: mmiliki ni nani, mpango wa mji unasema eneo litumike kwa nini, kuna ombi lolote lililowasilishwa, na mwisho wa kupokea pingamizi ni tarehe gani. Hiyo tarehe ndiyo roho ya kampeni. Tangazo la kubadilisha matumizi huwa dogo, mara nyingi hubandikwa mahali wachache wanapita, na muda wa kupinga huwa mfupi.

Ulizeni kwa maandishi, hata kama karani ni mkarimu na amekwisha kuwajibu kwa mdomo. Barua ipelekwe nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Baadaye mkifika mahakamani au kwa mwandishi wa habari, muhuri huo utathibitisha kwamba mliuliza mapema na mkanyamaziwa.

HATUA YA 2: Orodhesheni kila mkono unaoweza kukataa

Hapa ndipo vikundi vingi huishia njiani. Wanamwona mtu mmoja tu, meya au waziri, na akikataa kuwasikiliza wanaona mambo yamekwisha. Lakini mradi hupita kwenye mikono mingi: mwenye ardhi, halmashauri, ofisi ya mazingira, benki inayokopesha, kampuni ya ujenzi, hata fundi mwenyewe. Mmoja akisita, mradi wote unayumba.

Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alipinga mnara wa ghorofa 60 uliopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Aliandika barua kwa ofisi nyingi, akaenda Mahakama Kuu kuomba zuio, akashindwa. Bungeni alishambuliwa kwa maneno makali. Ila mradi ulitegemea fedha za kutoka nje, na barua zake zilikuwa zimefika huko pia. Wenye fedha walipoanza kusita, mnara ukapunguzwa ghorofa, kisha ukaachwa kabisa. Serikali haikubadili moyo wake. Fedha ndizo zilizokosekana.

Mfano wa pili ni wa Sydney, Australia, mwaka 1971. Wanawake 13 wa kitongoji cha Hunters Hill walitaka kunusuru kichaka cha mwisho cha asili kilichobaki katika eneo lao, Kelly's Bush, kisijengwe nyumba za kifahari. Walibisha hodi kwa wakubwa wote bila mafanikio, kisha wakakiendea chama cha wafanyakazi wa ujenzi. Chama kiliwapa sharti: kwanza waitishe mkutano wa hadhara, ionekane kwamba wakazi kweli wanataka. Walikuja watu wapatao 600, na chama kikawakataza wanachama wake kufanya kazi pale. Kampuni iliyotaka kujenga ilipotishia kutumia vibarua wasio wanachama, wafanyakazi waliokuwa wakijenga jengo lake jingine walisema kichaka kikiguswa, jengo hilo litabaki nusu milele. Kichaka kipo mpaka leo. Katika miaka iliyofuata, migomo ya namna hiyo iliokoa maeneo mengine mengi ya jiji hilo, yakiwemo majengo ya kale ya mtaa wa The Rocks.

Kwa hiyo chukueni karatasi, andikeni kila mkono, na mbele yake andikeni kile ambacho mwenye mkono huo anakiogopa au anakijali.

HATUA YA 3: Kusanyeni ushahidi wa matumizi

Hoja ya mwekezaji huwa moja: "pale ni patupu." Ijibuni kwa hesabu. Kaeni hapo asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi na za mapumziko, mhesabu watu na kuandika wanafanya nini. Miti ihesabiwe kwa aina, na mzingo wa shina upimwe usawa wa kifua. Mvua kubwa ikinyesha, pigeni picha mwone maji yanakwenda wapi. Ardhi yenye nyasi na mizizi hunywa maji, ya zege huyasukumia kwa jirani, na hoja ya mafuriko humgusa hata asiyejali ndege wala vivuli.

Kwa jengo la kale, tafuteni ramani na picha za zamani, vifaa lililojengewa, na shughuli zilizofanyika ndani yake. Wazee wahojiwe na kurekodiwa kwa ridhaa yao, mapema. Msiongeze chumvi. Jengo la miaka 80 mkiliita la miaka 200, mtaalamu mmoja wa upande wa pili atawabomoa ninyi kabla ya jengo.

HATUA YA 4: Gawaneni kazi

Watu watano wenye kazi maalumu hufanya mengi kuliko mia wa kwenye kundi la simu. Mmoja ashike nyaraka, mmoja fedha na risiti, mmoja wanahabari, mmoja mambo ya sheria, mmoja majirani. Inatosha.

HATUA YA 5: Nendeni na pendekezo mkononi

Anayesema "hapana" peke yake huchosha upesi. New York, Robert Moses, ofisa mwenye nguvu kubwa katika ujenzi wa jiji, alitaka kupitisha barabara katikati ya Washington Square Park. Wakazi, Shirley Hayes na Jane Jacobs wakiwa miongoni mwao, waliomba jambo ambalo ni vigumu kulikataa: bustani ifungwe kwa magari kwa majaribio. Ikafungwa mwaka 1958. Msongamano uliotabiriwa haukutokea, na mwaka uliofuata ikafungwa moja kwa moja. Kuomba jaribio humpa mtoa uamuzi njia ya kukubali bila kuonekana ameshindwa.

Jengo lililo tupu ndilo rahisi kubomolewa. Litafutieni matumizi: maktaba, karakana, ukumbi.

HATUA YA 6: Sahihi na umati

Sahihi ziwe na jina, eneo analoishi mtu na tarehe, la sivyo zitatupwa. Mikutano iwe ya amani na ifuate taratibu za sheria. Pangeni umati uje siku ya kikao cha uamuzi, maana ndiyo siku anayetia sahihi anaangalia dirishani.

HATUA YA 7: Mahakama

Mwoneni wakili mapema. Mnachohitaji kwanza ni zuio la muda, kwa sababu mti uliokatwa hauhukumiwi ukarudi. Ulizeni pia mkishindwa mtalipa gharama kiasi gani.

HATUA YA 8: Mkishinda, dai karatasi

Ahadi ya jukwaani haitoshi. Uwanja wa ndege wa Tempelhof, Berlin, ulifungwa mwaka 2008 na kugeuzwa bustani mwaka 2010. Serikali ya jiji ilipotaka kujenga pembezoni, wakazi waliandaa kura ya maoni, na mwaka 2014 waliipitisha sheria ya kulilinda eneo lote. Mjadala wa kujenga haujafa, lakini sasa anayetaka kujenga lazima kwanza aibadili sheria.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Jengo letu ni la mtu binafsi na hati anayo. Tuna haki gani?

Jibu: Umiliki haumaanishi uhuru wa kufanya lolote. New York ilipoteza stesheni ya Penn, ambayo ubomoaji wake ulianza mwaka 1963, na hasira ile ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya kulinda majengo mwaka 1965. Kampuni ya reli iliyomiliki Grand Central, stesheni nyingine ya jiji hilo, ilizuiwa kujenga mnara juu yake, ikashtaki hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikashindwa mwaka 1978. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo ulizeni kwanza kama jengo limeorodheshwa, na kama halijaorodheshwa, ombeni. Pia mwendeeni mmiliki mwenyewe kwa heshima. Huenda anauza kwa sababu paa linamshinda.

Swali: Tunaambiwa sisi ni maadui wa ajira na nyumba. Tujibu nini?

Jibu: Msilidharau hilo, kwa sababu watu wanahitaji nyumba kweli. Tafuteni viwanja vingine vilivyokaa bure au maegesho yasiyotumika, mviweke kwenye ramani. Na mjiulize wenyewe kwa ukweli: je, eneo hili linatumika na wengi, au tunalinda mandhari ya madirisha yetu? Likiwa la pili, mimi singewashauri muendelee.

Swali: Miti imeanza kukatwa asubuhi hii. Tumechelewa?

Jibu: Piga picha na video zenye saa. Omba kuona kibali, na kipige picha kama watakuruhusu. Mpigie simu ofisa wa mazingira, kisha wakili, kisha mwanahabari. Usisimame mbele ya mashine wala chini ya mti. Kama kibali hakipo, kazi inaweza kusimamishwa siku hiyohiyo.

Swali: Mwekezaji ametuita watatu kati yetu kwa mazungumzo ya faragha. Twende?

Jibu: Nendeni, lakini kundi lote lijue kabla. Mmoja aandike kila kinachosemwa. Msikubali lolote pale pale, msipokee chochote, hata nauli. Usiku huohuo mpelekeeni mwekezaji barua ya kuthibitisha mliyozungumza, nakala iende kwa wanachama wote.

Swali: Orodha ya mikono tumeandika, lakini benki inayokopesha hatuijui. Inapatikana wapi?

Jibu: Anzeni na ubao wa mradi ukishawekwa, kisha taarifa za mwaka za kampuni kama ni ya umma, kisha usajili wa rehani kwenye ofisi ya ardhi. Miradi inayofadhiliwa na benki za maendeleo mara nyingi huchapishwa kwenye tovuti zao, pamoja na utaratibu wa malalamiko ya wakazi. Someni masharti ya utaratibu huo kabla ya kuandika, kwa sababu benki nyingine hutaka kwanza kuona kwamba mmekwisha kumlalamikia mwenye mradi. Hapo ile nakala yenye muhuri ya hatua ya kwanza ndiyo mtakayoiambatanisha.